Wasomaji wa Namirembe

Jumapili moja ya Septemba 1929, daktari Mwingereza aliyechoka alifika kilima cha Namirembe, Kampala. Nje ya kanisa kuu alimkuta Mganda mmoja nadhifu amesimama kando ya pikipiki yake. Walikwisha kuonana mara moja, mwezi wa Machi mwaka uleule, kwa hiyo hawakuwa wageni kabisa. Wakaamkiana, wakaanza kuzungumza. Mazungumzo yakanoga kiasi kwamba siku zilizofuata waliketi pamoja na Biblia mezani, wakasoma, wakasali, wakasoma tena. Siku mbili tu. Walipoagana, kila mmoja akashika njia yake.

Daktari aliitwa Joe Church. Mwenye pikipiki ni Simeoni Nsibambi. Uamsho uliokuja kuvuka Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika una vyanzo vingi, na wanahistoria wana haki ya kuguna kila wanapoambiwa kwamba yote yalianza na watu wawili. Hata hivyo wenyewe, kila waliposimulia walikotoka, walirudi kwenye meza ile.

Church alitoka Gahini, kilima kilicho juu ya Ziwa Muhazi, mashariki ya Rwanda, ambako misheni ya Kianglikana ilikuwa imejenga hospitali. Alifika huko mwaka 1928, kijana wa miaka chini ya 30 aliyesomea Cambridge, akiwa na matumaini makubwa. Kilichompokea ni njaa. Wanyarwanda waliipa jina, Rwakayihura, na kwa watu wetu njaa ikipewa jina ujue haikuwa ya kawaida. Mvua ilikatika, mashamba yakakauka, maelfu wakafunga virago kuelekea Uganda, na wengi wakafia njiani. Hospitali changa ikageuka kuwa mahali pa kugawia chakula na kuzikia. Wasaidizi walikuwa wachache, na hao wachache walinung'unika. Daktari alihubiri, hakuona lolote likibadilika. Alipopelekwa Kampala kupumzika, alikuwa amefika mahali ambapo mmisionari hapaandiki kwenye barua za kwao: hakuwa tena na cha kumpa mtu.

Nsibambi alikuwa na njaa ya namna nyingine. Alipata kutumika katika kikosi cha matabibu Waafrika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha akawa afisa wa afya katika serikali ya Kabaka. Nyumba anayo, mshahara anao, heshima anayo. Alitumaini kupelekwa ng'ambo kusoma, nafasi ile akaikosa, na katika uchungu ule akajiuliza hivyo vyeo vingemfaa nini mbele ya Mungu. Tangu mwaka 1922 alikuwa akisema ameokoka, lakini alipotazama kanisa lake aliona limepoa.

Kupoa huko kunataka maelezo, la sivyo hatutaelewa kwa nini kusoma kitabu kilekile kulileta mtikisiko. Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877. Waliowafuata hawakuitwa Wakristo kwanza. Waliitwa abasomi, wasomaji. Katika Buganda, kuingia dini kulikuwa ni kusoma, na kusoma kulikuwa ni kuingia dini. Vijana wa ikulu walichomwa moto kwa ajili ya dini hiyo katika miaka ya 1880, na wengine waliofuata wakazidi kutafuta karatasi za kusomea. Biblia nzima ya Kiganda ilipotoka mwaka 1896, ilichapwa nene na fupi, kwa umbo la kuingia kwenye bati la biskuti. Ilitakiwa bati liikinge na mchwa. Nimekuwa nikiliwazia sana bati lile: msomaji wa kijijini analifungua jioni, harufu ya biskuti za Uingereza bado imo, anatoa Neno la Mungu, anasoma, anafunika.

Kufikia mwaka 1929 mchwa hawakuwa tatizo tena. Tatizo lilikuwa kwamba kusoma kulikuwa kumezaa matunda mengine mengi. Aliyesoma alibatizwa, aliyebatizwa alipata jina, mwenye jina alipata shule, na wa shule alipata kazi ya ukarani au uchifu. Kanisa lilijaa. Machifu waliketi viti vya mbele na wake wa pembeni walikuwa nyumbani. Kila mtu alijua kwamba wokovu ni kwa neema. Lilikuwa jibu la katekisimu, na wote walikuwa wamefaulu katekisimu. Jibu likishakuwa sahihi nani tena atauliza swali?

Basi ni nini walichofanya wale wawili katika siku mbili zile? Mbinu yenyewe ilikuwa ya kawaida mno. Church alikuwa na Biblia yenye marejeo pembezoni, ile inayokuonyesha kwamba neno ulilolisoma hapa limetajwa pia kule na kule. Walichukua mafundisho juu ya Roho Mtakatifu, wakayafuata kutoka kitabu hadi kitabu kama mchungaji anavyofuata kwato za ng'ombe aliyepotea: hapa amekunywa maji, hapa amevuka, hapa amelala. Bila mahubiri wala mkufunzi. Mzungu na Mwafrika wamekaa upande mmoja wa meza, na hilo peke yake mwaka 1929 halikuwa dogo. Na kila walikofuata, nyayo ziliwaleta mlangoni pao wenyewe. Maandiko hayakuwa yakizungumza na mpagani wa kijijini ambaye wote wawili walidhani ndiye wa kuhubiriwa. Yalimgusa daktari aliyechoka na Mkristo mwenye cheo.

Nsibambi akaacha kazi ya serikali, akawa mhubiri asiye na mshahara. Church akarudi Gahini.

Wamisionari wenzake hawakumpokea kwa shangwe. Aliporudi na moto mpya alionekana msumbufu, na baadhi ya Waafrika waliofanya naye kazi walimwona vilevile. Mmoja wao ni Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa hospitali. Huyu alikuwa hodari wa kazi na mwingi wa malalamiko: mishahara, chakula, wagonjwa, daktari mwenyewe. Mwaka 1931 alisafiri hadi Kampala, akaenda kumwona Nsibambi, na akatumia nafasi hiyo kumweleza yote yaliyoharibika Gahini. Nsibambi alimsikiliza. Kisha akamwambia, bila kuzungusha maneno, kwamba mambo yameharibika pale kwa sababu ya dhambi iliyomo moyoni mwake yeye Kinuka.

Ndugu msomaji, hebu jiweke mahali pake. Umesafiri umbali ule kwenda kushtaki, umerudi na hati ya mashtaka yenye jina lako. Ilikuwa safari ndefu ya kurudi, barabara ya vumbi kupitia Ankole, na njiani akasalimu amri. Alipofika Gahini aliwakusanya aliokuwa amewakosea, akaomba radhi. Hospitali ikaanza kubadilika pale ambapo taarifa za misheni haziangalii: vitanda vikatandikwa vizuri, wagonjwa wakaoshwa bila kusukumwa, dawa zikaacha kupotea kabatini, shuka zilizochukuliwa zikarudi stoo.

Hapo ndipo naona alama ya usomaji huu. Neema, kwao, haikuanza kwa mtu kujisikia vizuri. Ilianza kwa shuka iliyorudishwa stoo.

Mwisho wa Desemba 1933, baada ya Krismasi, Gahini iliitisha mkutano wa siku kadhaa wa kujifunza Biblia. Wachungaji, walimu na wainjilisti wakaja. Masomo yakafundishwa kwa utaratibu, watu wakaandika, na kwa maoni ya waandaaji mkutano ukapwaya. Siku ya mwisho wakaongeza ibada moja ya sala, kama mtu anayeongeza kuni kwenye moto uliokwisha zimika. Watu walipiga magoti, wakaomba yale yanayoombwa siku zote. Ghafla mtu mmoja akasimama katikati ya sala, akaanza kuungama dhambi fulani, kwa kuitaja, huku analia. Hakumaliza kabla mwingine hajasimama. Kisha mwingine. Saa mbili na nusu zilipita hivyo, wakingojana zamu, wengine wakisema mambo ambayo familia zao hazijapata kuyasikia.

Waliyoyaungama yalikuwa madogo kwa makubwa: wizi, zinaa, pombe ya siri, uchawi, chuki juu ya mwenzake wa kabila lingine, chuki juu ya mzungu. Na wazungu nao, baada ya kusitasita, wakaanza kusema kiburi chao mbele ya Waafrika. Serikali ya kikoloni iliyatazama haya kwa wasiwasi. Utawala ule ulikuwa umesimama juu ya dhana kwamba bwana hakosi mbele ya mtumishi. Mmisionari anayemwomba mpishi wake msamaha alikuwa anakata tawi alilolikalia.

Septemba 1935 timu kutoka Gahini na Kampala ilikwenda Kabale, Kigezi. Ratiba yao yenyewe ilikuwa ni usomaji wa Biblia uliogeuzwa kuwa safari: siku ya kwanza dhambi, kisha toba, kisha kuzaliwa upya, kisha kutoka Misri, kisha Roho Mtakatifu na maisha ya ushindi. Ile siku ya kutoka Misri ndiyo iliyowapendeza sana watu wa milimani. Walimfahamu Farao wao, na hakuwa na sura moja.

Aliyewasha moto kuliko wote katika timu ile ni Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi. Alifundisha Gahini, akawekewa mikono kuwa shemasi mwaka 1934. Alikuwa mkali na mpole kwa wakati mmoja, mchanganyiko ambao huwachosha wakubwa wa kanisa. Januari 1936 alikwenda Kampala akiwa na hoja za kuweka mbele ya sinodi: kwa nini kanisa limepoa, kwa nini watu wanakaribia meza ya Bwana huku wanaishi wazi katika dhambi, na lifanyike nini ili liamke. Neno lake lilikuwa moja, Zukuka, amka. Hakulitamka mbele ya sinodi. Homa ya kupe ilimshika, akafa mwezi huohuo. Hoja zake ziliwafikia wajumbe bila yeye, na pengine ndiyo maana zilisikilizwa. Mtu akishafariki ni vigumu kumwambia aketi chini.

Kuanzia hapo habari zilikimbia. Watu waliitwa kwa Kiganda balokole, waliookolewa, na mwanzoni jina hilo lilitolewa kwa dhihaka. Wao wakalichukua jinsi lilivyo. Likavuka mpaka, likavaa kiambishi cha Kiswahili, na leo mtu wa Dodoma au Moshi anayesema "usinifanyie ulokole hapa" hajui kwamba amekopa neno kutoka Namirembe. Kuokoka nalo likapata maana mpya. Kabla ya hapo mtu aliokoka kwenye mashua iliyozama au kwenye pembe za nyati. Sasa ukaulizwa: umeokoka lini? Siku, na mwaka.

Na neema? Hapa lugha zetu ziligawana kazi vizuri kuliko wanateolojia. Kiswahili kilikuwa na neno hili karne nyingi kabla ya mmisionari yeyote. Lilikuja na Kiarabu, likakaa Pwani, likawa la mkulima. Mvua ya neema. Mwaka wa neema. Kinyume chake ni njaa, wala si dhambi. Watafsiri wa Mombasa na Unguja walilichukua na kulipa mzigo wa Paulo, lakini harufu ya udongo uliolowa haikutoka. Kiganda kilitumia ekisa, neno la huruma, la mtu anayeona mwenzake anaumia na moyo ukashtuka. Na Kinyarwanda kilitumia ubuntu, yaani ukarimu wa mtu mwenye utu. Kitu ukipewa ku buntu, umekipata bure, huna bei ya kuulizia. Basi mhubiri aliyetoka Gahini kupitia Kampala hadi Bukoba alitamka habari ileile kwa maneno matatu, na kila kilima kilisikia upande wake: hapa zawadi isiyouzwa, pale moyo uliosikitika, huku shamba lililopata maji. Wale walioona Rwakayihura hawakuhitaji kamusi.

Walivyosoma mwanzoni ndivyo walivyosoma kwa miaka mingi, na yeyote aliyekulia jirani na ushirika wao anaijua picha hiyo. Watu kumi, ishirini, katika sebule au chini ya mwembe. Biblia zimevishwa jalada la kitambaa kilichoshonwa kwa mkono, kurasa za Waraka wa Kwanza wa Yohana zimekuwa za kahawia kwa kushikwashikwa. Fungu linasomwa. Kimya. Halafu mtu anasema fungu lile limemkuta wapi wiki hii: kwenye mzani wa kahawa, kwenye ugomvi na mkwe, kwenye barua ambayo hakuijibu makusudi. Hapana anayeuliza mwandishi wa waraka alikuwa nani. Akimaliza, wanaimba Tukutendereza Yesu, kwa Kiganda hata kama kati yao hakuna Mganda hata mmoja, wanamkumbatia, na zamu inahamia kwa mwingine. Jambo hilo waliliita kutembea nuruni. Hadithi walizozipenda ni zilezile: Zakayo aliyerudisha mara nne, mwana mpotevu, na zaidi yule kaka mkubwa aliyebaki nyumbani akakasirika. Wakristo wa muda mrefu walijitambua katika yule kaka, na kujitambua huko kuliuma.

Namna hii ya kusoma iligonga ukuta Mukono, katika chuo cha Askofu Tucker, mahali walipofundishwa makasisi. Miongoni mwa wanafunzi mwaka 1941 alikuwamo William Nagenda, msomi, mcheshi, mwanyumba wake Nsibambi. Walioa dada wawili. Walokole wa chuoni waliamka alfajiri mno, kabla ya kengele, wakasali na kuhubiriana kwa sauti. Mkuu wa chuo aliona fujo na kiburi. Wao waliona kwamba darasani Biblia inasomwa kama kitabu cha kuchambua, msalaba unapitwa kwa haraka, na wizi na uasherati wa wanafunzi vinafumbiwa macho. Wakaamriwa waache mikutano ya alfajiri. Wakakataa. Wakafukuzwa 26.

Nikisoma habari za Mukono nashindwa kuwa upande mmoja moja kwa moja. Mkuu wa chuo hakuwa mwovu. Alikuwa na nyumba ya kuendesha na watu wanaotaka kulala. Tena kuuliza maswali juu ya maandiko si kuyadharau. Lakini naona pia kwamba wale vijana walikuwa wameshika kitu ambacho mtaala haukuwa na kisanduku chake: kwamba unaweza kupata alama 90 katika somo la Waraka kwa Warumi na usiwe umeambiwa chochote. Nagenda hakuwahi kuwekewa mikono. Alibaki mlei, akahubiri Afrika, Ulaya na kwingineko hadi kifo chake mwaka 1973. Mwaka 1947 yeye na Kinuka, yule yule mlalamikaji wa Gahini, walikwenda Uingereza kuwahubiria waliowaletea injili. Mhubiri Mwingereza Roy Hession, aliyekutana na timu hiyo akiwa mwinjilisti maarufu aliyekaukiwa, aliandika baadaye kitabu kuhusu alichojifunza kwao, na kitabu hicho, The Calvary Road, kilisomwa duniani kote.

Mwaka huohuo wa Mukono, huko Kigezi, mwalimu kijana Festo Kivengere alikuwa anarudi nyumbani kwa baiskeli akiwa amelewa. Rafiki yake alimjia akikanyaga baiskeli kwa kasi, akasimama, akamwambia kwamba saa chache zilizopita Yesu amekuwa halisi kwake, na kwamba anaomba msamaha kwa mambo matatu, akayataja. Kisha akapanda baiskeli akaondoka, akamwacha mwenzake barabarani na ulevi ukimtoka. Usiku ule Kivengere alipiga magoti. Baadaye alikanyaga baiskeli maili 50 hivi kwenda kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa anamchukia, kumwambia tu kwamba alikuwa anamchukia na kwamba sasa chuki hiyo imekwisha. Walilia wote wawili mlangoni.

Mwaka 1946 Kivengere alihamia Dodoma kufundisha, akakaa Tanganyika zaidi ya miaka kumi, na Kiswahili chake kikakomaa. Billy Graham alipohubiri Moshi mwaka 1960, sauti iliyosikika kwa Kiswahili chini ya Kilimanjaro ilikuwa ya mwalimu yule wa baiskeli.

Upande wa Bukoba, mbegu iliangukia Walutheri pia. Josiah Kibira alilelewa katika kanisa lililorithi ugunduzi wa Luther ndani ya Warumi, neema kwa imani, pasipo matendo. Akaja kuupokea ugunduzi huo kama wake mwenyewe kwa njia ya uamsho uliotoka kwa Waanglikana. Alikuwa askofu, akaandika juu ya ukoo na kanisa, na mwaka 1977, mkutano wa Walutheri wa dunia ulipofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wao, Mwafrika wa kwanza.

Kenya iliupata uamsho mwishoni mwa miaka ya 1930, Kabete ikiwa mojawapo ya milango yake. Obadiah Kariuki aliokoka huko. Alikuwa mwanyumba wa Jomo Kenyatta, maana wote wawili walioa mabinti wa Chifu Koinange, na jambo hilo halikuwa la mzaha ilipotangazwa hali ya hatari Oktoba 1952. Walokole wa Ugikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau. Walisema wamekwisha kunywa damu ya Yesu, hawawezi kunywa nyingine. Wengi wao walikataa vilevile kubeba bunduki za serikali, kwa hiyo walikuwa na maadui pande zote mbili. Wengine walipigwa, wengine wakauawa usiku na jirani waliowafahamu kwa majina. Mei 1955, vita vikiendelea, Kariuki aliwekwa wakfu kuwa askofu, na mahali penyewe ni Namirembe, pamoja na Festo Olang' wa Kenya, Yohana Omari wa Tanganyika na Daniel Deng Atong wa Sudan.

Kumbukumbu ya waliouawa ipo Murang'a, katika kanisa lililojengwa kwa ajili yao. Elimo Njau, mchoraji kijana wa Kichaga, alipaka kuta zake michoro mitano mikubwa na kuimaliza mwaka 1959. Kuzaliwa, kubatizwa, karamu ya mwisho, Gethsemane, kusulubiwa: yote yametokea kwenye miinuko ya Ugikuyu, migomba na mabonde, na Yesu ni mtu wa hapo. Ukisimama mbele ya ukuta wa msalaba, kilima kilicho nyuma yake ni kile unachokiona ukitoka nje.

Ningependa hadithi iishie Murang'a, lakini haikuishia hapo. Kuanzia miaka ya 1960 ndugu walianza kugawanyika. Wengine waliona uamsho umelala, wakaitana kuzinduka upya, na kuzinduka huko kukaja na masharti: usikope, usidaiwe, mavazi haya ni ya dunia, hata mbwa asifugwe nyumbani. Kila sharti lilikuwa na sababu yake nzuri. Mtu aliyerudisha shuka za hospitali mwaka 1931 alifanya hivyo kwa furaha. Mjukuu wake wa kiroho aliulizwa mlangoni kama amelipa duka. Ndivyo neema iliyofuatwa kwa nyayo ilivyoanza kuwekewa ukingo, na kaka mkubwa akarudi ndani ya nyumba kwa mlango wa uani.

Na Rwanda. Januari 1964 askari walimchukua Yona Kanamuzeyi, mchungaji wa Nyamata, ndugu wa uamsho aliyewahifadhi waliofukuzwa makwao. Inasimuliwa kwamba njiani alitoa daftari lake na fedha za kanisa alizokuwa nazo, akaomba zipelekwe kwa mkewe, hesabu iwe sawa. Akaenda kwenye daraja akiimba, wakampiga risasi, mwili ukatupwa mtoni. Mwenzake aliyenusurika ndiye aliyeyasema.

Miaka 30 baadaye, Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, maelfu ya watu walikimbilia kanisa la Kikatoliki la Nyamata hiyohiyo wakiamini hawatauawa humo. Waliuawa humo. Leo ni mahali pa makumbusho, nguo zao zimepangwa juu ya mabenchi. Uamsho ulianza katika nchi hiyo. Watutsi na Wahutu walikuwa wameungamiana chuki zao kwa machozi tangu mwaka 1933. Wako ndugu waliokufa wakikataa kutengana na wenzao wa kabila lingine, na hao wasisahauliwe. Lakini viongozi kadhaa wa makanisa walikuwa wamekaa karibu mno na serikali, na waliobatizwa walishika mapanga. Usomaji uliojua kumuuliza mtu mmojammoja habari za moyo wake haukuwa umejifunza kuiuliza dola habari za vitambulisho vyake vya kabila. Sijui namna ya kulisema hilo kwa upole zaidi.

Nsibambi mwenyewe hakuyaona hayo ya mwaka 1994. Tangu miaka ya 1940 afya ilimfungia nyumbani, naye akaishi hivyo hadi mwaka 1978, uamsho ukizunguka dunia bila yeye. Waliokuwa wanapita Kampala walikwenda kumwona: wainjilisti, wazungu wa misheni, maaskofu, vijana wa shule. Waganda ni watu wa salamu ndefu, wanaulizana hali hadi ya ng'ombe kabla hawajasema kilichowaleta. Kwa Nsibambi utaratibu ulikuwa kinyume. Mgeni akiketi, cheo chochote alicho nacho, aliulizwa kwanza kama ameokoka. Habari za safari zilifuata baadaye.